Siku Nilipobomoa Kiambaza cha D

Nilifuta chumba kizima cha diski ya watu kwa sababu niliona haya kufuta michezo yangu. Basi, nimelitema. Chekeni, mkimaliza njooni tuzungumze kazi.

Nasema na nyinyi wa kidato cha kwanza, mnaojazana kwenye chumba cha kompyuta cha shule wakati wa mapumziko mkiitana fundi, fundi. Fundi wa nini? Mtu kajifunza juzi kubadilisha rangi ya skrini, leo atembea mabega juu. Mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na saba, ndiyo, na ndevu zangu mwaweza kuzihesabu bila kukosea, lakini kazi hii nimeifanya miaka mitatu, tangu ile likizo niliyomaliza darasa la nane, katika ofisi ya kupiga chapa ya Bi Mwanasha, hapo kwetu Bofu, ng'ambo ya feri. Nimestaafu kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne unaningoja mlangoni kama mbwa wa matajiri wa Nyali. Wale wasemao kwamba nilifukuzwa ni wazushi. Nilifukuzwa mara mbili, na mara zote mbili niliitwa tena kwa sababu printa ilikwama.

Mwalimu wenu atawaambia mtoto hafai kuachiwa mashine peke yake. Mwambieni kuna mstaafu mmoja asema mkubwa naye hafai. Nitawaonyesha mkubwa mmoja mwenye tai, mtaamua wenyewe.

Kwanza lazima mjue nyumba ilivyokuwa. Diski ya kompyuta ni nyumba, na nyumba yaweza kugawanywa vyumba. Ile ya Bi Mwanasha ilikuwa na megabaiti mia tano, wakati ambapo mia tano zilikuwa kasri. Aliyeitengeneza aliweka kiambaza katikati: chumba cha kwanza, C, megabaiti mia moja, chumba cha pili, D, mia nne. Ndani ya C ilikaa mashine yenyewe, yaani Dos, Windows ya zamani na ile programu ya kupigia chapa. Ndani ya D zilikaa kazi za wateja. Wazo lilikuwa zuri: C ikiugua, waweza kuifua na kuianika, na D isijue kama kumekuwa na msiba.

Aliyeweka kiambaza hicho ni Fundi Odhiambo wa Changamwe. Alitumikia kompyuta za makontena bandarini mpaka nywele zikawa nyeupe, kisha akawa anazunguka kwenye ofisi ndogo ndogo kama zetu. Mtu wa bara, Kiswahili chake kilitutia kicheko mchana kutwa. "Hii mashine iko na homa," alikuwa akisema. Bi Mwanasha humwambia, "Ina homa, Odhiambo. Ina." Naye hujibu, "Wewe rekebisha Kiswahili, mimi nirekebishe mashine, tuone nani watu watamwita kesho."

Mafunzo yake yalikuwa ya ajabu. Siku ya kwanza nilinyosha mkono kwenye kibodi, akaupiga kwa kalamu. "Mkono mfukoni," akasema. "Sema kwanza." Alitaka niseme kwa mdomo, hatua moja baada ya nyingine, nitakachofanya na mashine itakachojibu. Nikimaliza huniuliza, "Na ikikataa?" Kama sina jibu la ikikataa, mkono unabaki mfukoni. Niliona ni ushamba wa wazee. Wiki nzima ya kwanza sikugusa kitu isipokuwa funguo zangu mwenyewe mfukoni. Sasa nawaambia, kama kuna kitu kimoja cha kubeba kutoka kwangu, kibebeni hicho, maana siku niliyoutoa mkono mfukoni kabla ya kusema ndiyo siku ninayowasimulia.

Na ndani ya D mlikuwa na nini? Barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mitihani ya madrasa. Hayo yangepotea watu wangenitukana wakasahau. Lakini mlikuwa pia na orodha ya Mzee Kombo.

Kwetu Bofu mtu aweza kuzaliwa pahali, akaoa pahali, akazikwa pahali, na karatasi ya kumiliki pahali hapo ikawa kwenye kabati la mtu asiyewahi hata kuchomwa na mchongoma wake. Wazee walipochoka kuambiwa kwamba wao ni wavamizi, walikata shauri wapeleke kwa afisa wa ardhi orodha ya kila boma: makaburi ya nani yapo wapi, minazi mingapi na nani aliipanda, kisima kilichimbwa na nani. Mnazi haupandwi na mpita njia. Wala hakuna mvamizi azikaye watu wa vizazi vitano kisha asubiri kufukuzwa.

Aliyeyajua yote hayo ni Mzee Kombo. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuja na bakora yake, akaketi kwenye kiti cha wateja, akafumba macho na kutusomea yaliyo kichwani, na Bi Mwanasha akapiga chapa. Mimi nilikuwa wa kuleta maji na kuulizwa maswali. "We Abdu, umeuona ule mnazi uliopinda nyuma ya kwa babu yako Hija?" Nikisema ndiyo, huniuliza umepindia wapi. Nikikosea, hunipeleka nikauone. Nilikwenda kuangalia minazi kwenye jua kali mpaka wenzangu wakaniita daktari wa minazi. Orodha ilichukua karibu mwaka. Mvua za masika zilipoanza Mzee Kombo akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, siku chache baada ya kumaliza boma la mwisho.

Sasa basi. Wazee wengine walikuwa waipeleke orodha Jumatatu. Mmoja wao akasema watu wa ofisi hudharau karatasi iliyochapwa kwa herufi za vitone kama za printa yetu ya zamani. Wakiona herufi mbaya wanadhani na maneno ni mabaya, kwa hivyo haikuwa imechapwa hata ukurasa mmoja. Bi Mwanasha alikuwa ameletewa na nduguye kutoka Dubai ile Windows mpya ya tisini na tano, flopi kumi na tatu ndani ya sanduku, na printa mpya iliyotaka Windows hiyo hiyo. Akaamua: Jumamosi tunaitia mashine mfumo mpya, Jumapili tunachapa, Jumatatu wazee wanaondoka na karatasi inayong'aa.

Ijumaa akaniuliza, "Abdu, nafasi ipo?"

Nikaangalia C. Mfumo mpya ulitaka megabaiti hamsini na ushei. Zilizobaki ni kumi na mbili.

Hapo ndipo mwanamume mwenye akili angesema, "Bi, nafasi haipo kwa sababu ndani ya C kuna folda iitwayo KODI, na ndani yake kuna michezo yangu, magari ya kushindana na watu wa kupigana mateke, megabaiti thelathini." Niliiita KODI kwa makusudi. Nani kwa hiari yake hufungua kodi?

Mimi nikasema, "Kesho itakuwepo, Bi, inshallah."

Jumamosi asubuhi nilifika mapema, Bi Mwanasha akanipa ufunguo akaenda sokoni. Nikajiambia: D ina nafasi tele, karibu mia tatu zimekaa bure. C imebanwa. Kati yao kuna kiambaza tu. Nyumbani kwetu, Mama alipotaka chumba cha cherehani kiwe kikubwa, fundi alibomoa kiambaza cha udongo, na vitu vya chumba cha pili vikabaki pale pale, vimepata vumbi tu. Kwa hivyo nikibomoa kiambaza, C itapanuka na vitu vya D vitakaa pale pale. Mnaliona kosa? Mimi sikuliona. Nililiona limevaa koti la akili.

Kuna programu ya Dos iitwayo fdisk. Ifahamuni, na iogopeni kama mnavyomwogopa naibu wa mkuu wa shule. Nikaifungua, nikachagua kufuta. Mashine ikanionya kwamba vyote vilivyo ndani vitapotea. Nikaona ni vitisho vya Wazungu. Ikaniambia niandike jina la chumba ninachokifuta. Jina alilokipa Fundi Odhiambo lilikuwa BOFU. Wallahi niliandika herufi zote nne bila kusita. Ikaniuliza tena kama nina hakika. Nikabonyeza Y.

Kisha nikatafuta pahali pa kupanua C. Hapana. Programu ile haijui kupanua. Ukitaka C kubwa, sharti uifute na C pia uanze upya. Kwa hivyo nilikuwa nimebomoa kiambaza na chumba hakikuongezeka hata upana wa mkeka. Nikawasha mashine upya. C ikaja, imebanwa vile vile. Nikaita D, mashine ikaniambia hakuna kitu kama hicho.

Najua swali lenu. Nakala ya akiba kwenye flopi je? Ilikuwepo. Wiki mbili nyuma nilikosa flopi ya kuletea magari ya kushindana kutoka kwa rafiki yangu wa Ziwa la Ng'ombe, na ile ya nakala ilikuwa karibu. Msiniulize zaidi.

Bi Mwanasha akarudi na kapu lake.

"D i wapi?" akauliza.

"Imepumzika, Bi."

"Imepumzika wapi?"

"Hapo hapo ilipo. Ila haionekani."

"We mwana, kitu kilicho hapo hapo na hakionekani ni jini. Nirudishie D yangu."

Nikamwambia kweli, nusu. Nilisema nimefuta nikitafuta nafasi, michezo sikuitaja. Nilidhani atanirushia kapu. Akaketi kwenye kiti cha wateja, kile cha Mzee Kombo, akaniambia kwa sauti ndogo, "Abdu, hayupo wa kutusomea tena." Afadhali angenipiga kapu lenye nazi.

Akaenda kwenye simu ya kibandani, akarudi na habari kwamba amempata injinia wa kompyuta huko Nyali. Haikupita saa moja gari likasimama. Akashuka mtu na tai katika joto lile, mkoba wa ngozi, viatu vinavyolia. Akatazama skrini kama daktari anayetazama maiti ya mtu asiyemjua.

"Madam, hii ni kawaida," akasema. "Tunafuta yote, tunafanya chumba kimoja kikubwa, tunatia Windows mpya. Kwa muda wa saa mbili kazi imekwisha."

"Na kazi zilizokuwamo?"

"Hizo zimekwenda. Mtapiga chapa upya."

"Nani atasoma?" Bi Mwanasha akauliza.

Injinia hakuelewa swali. Alikuwa amekwisha tia flopi yake kwenye mashine.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo pana ujuzi. Fundi Odhiambo aliwahi kunieleza kwamba mwanzoni mwa diski kuna daftari dogo. Limeandikwa: chumba hiki chaanzia hapa chaishia pale, na kile chaanzia pale. Ukifuta chumba, kinachofutwa ni ule mstari wa daftari tu. Vitu vyenyewe havijaguswa, viko mle mle vimelala. Lakini kompyuta ikiulizwa, hutazama daftari na kusema hapa hapana mtu. Na kwa kuwa hapana mtu, kitu chochote kipya kitakachokuja kitapewa pahali hapo, kijenge juu ya vilivyolala. Hicho ndicho kifo chenyewe.

Mwenzangu, mtoto wa Bofu hahitaji digrii kulielewa jambo hilo! Twalijua kabla ya kujua kutembea. Watu wamelala ardhini vizazi vitano, daftari la ofisi lasema pahali ni patupu, kesho akaja mwenye karatasi na tingatinga. Nilimtazama injinia na flopi yake nikaona tingatinga.

"Injinia, shikamoo," nikasema. "Toa flopi."

"Nini?"

"Flopi yako. Itoe. Usiandike kitu juu ya diski hiyo."

Akamgeukia Bi Mwanasha. "Huyu ndiye aliyeharibu?"

"Ndiye."

"Na ndiye anayetoa amri?"

"Niliyeharibu ndiye nijuaye nilipoharibu," nikamwambia. "Wewe umeingia sasa hivi, hata maji hujanywa."

"Abdu! Adabu!" Bi Mwanasha akafoka.

Injinia akacheka kidogo, ule mcheko wa puani, akanyosha mkono kuwasha mashine upya. Adabu nikaiweka kando, niliikuta pale pale baadaye. Nikapiga mbizi chini ya meza, nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikauchomoa na nyuma ya mashine, nikatokea upande wa pili nimeuvaa shingoni kama shada la bwana harusi.

"Kompyuta haiwaki kwa tai," nikasema.

"Nina waya mwingine garini," akasema injinia, na sasa hakuwa akicheka.

"Uache garini," akasema Bi Mwanasha.

Sote wawili tulimtazama. Alikuwa bado ameketi. Akaniuliza, "Odhiambo aweza kuirudisha?"

"Aweza."

"Wajua, au wataka iwe hivyo?"

"Nataka, Bi," nikasema, kwa sababu hapo uongo ulikuwa umeniishia.

Akafikiri. "Mpaka alasiri. Ukirudi bila Odhiambo, nakukabidhi kwa mamako na huyu bwana aendelee na kazi yake."

Nilivuka maji nikiwa bado na waya shingoni. Mtu mmoja kwenye feri akaniuliza kama nauza nyaya. Nikamwambia huu ni wa kunyongea watu waulizao maswali. Kutoka kivukoni mpaka Changamwe nilikuwa nikiomba dua ambazo nilikuwa nimezisahau tangu chuo cha Kurani.

Nilimkuta Fundi Odhiambo barazani kwake, redio ya jirani imefunuliwa matumbo mapajani mwake. Nikaanza kueleza kwa pumzi moja. Akaninyoshea bisibisi.

"Mkono mfukoni. Sema kwanza."

Nikatia mkono mfukoni, pale barazani, mbele ya watoto wake, nikasema kila hatua.

"Umeandika kitu juu yake?"

"La."

"Umeformat, ukaisafisha upya?"

"La."

"Basi hujaua. Umeficha tu." Akaweka redio chini. "Na waya huo shingoni?"

Nikamweleza habari za injinia. Alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuangalia. Kisha akaingia ndani akatoka na mkebe wa maziwa ya unga, ndani yake flopi zimepangwa, kila moja ina jina la mashine, na chini punje za mchele za kunyonya unyevu. Kumbe kila mashine aliyoitengeneza, kabla hajaondoka, alinakili lile daftari la mwanzo wa diski kwenye flopi, akaondoka nayo nyumbani. Alinakili bila kuambiwa na mtu. Watoto, hili ndilo alilonifundisha bila kusema: kabla hujagusa kiambaza, chukua ramani ya nyumba, na ramani isikae ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Tulifika Bofu mwadhini akiwa bado hajaadhini alasiri. Injinia alikuwa hajaondoka. Nadhani alitaka kuona nikiaibika. Nikarudisha waya, Fundi akatia flopi ya ramani. Mashine ikaguna, ikakwaruza, ikasema haisomi.

"Madam," injinia akaanza.

"Ngoja," Fundi akamkata. Akatoa flopi, akasogeza kile kibati chake cha kufunikia, akaielekeza kwenye mwanga. Kwenye ule utepe wa duara ndani mlikuwa na madoa meupe kama mashilingi, ule ugonjwa wa ngozi. Ukungu. Hewa yetu ya chumvi haiheshimu mchele wala mkebe. Akatoa pamba na spiriti mkobani mwake, akaanza kufuta, taratibu, akizungusha duara kwa ncha ya kalamu nusu nusu. Alipumulia juu yake, akangoja ikauke, akaifuta tena. Mikononi alikuwa na mishipa kama mizizi.

Mara ya pili ikasoma.

Akaandika amri moja fupi. Mashine ikauliza kama ana hakika. Akanitazama. "Wewe ndiye uliyejibu swali hili asubuhi. Jibu tena." Safari hii nilitia mkono mfukoni, nikasema kwanza, ndipo nikabonyeza Y. Tukaiwasha upya. Nikaita D.

D ikaitika.

Bi Mwanasha akafungua orodha mwenyewe. Akasoma kwa sauti mstari wa kwanza, wa boma la Mzee Kombo mwenyewe: "Boma la Mwinyi Kombo, kaburi la babake na la babu yake, upande wa kibla wa mkwaju." Akatia kanga mdomoni. Injinia akachukua mkoba wake. Mlangoni akamwuliza Fundi ile amri imeandikwaje, na Fundi akamwandikia kwenye kikaratasi. Mimi nisingemwandikia. Ndiyo maana yeye ni fundi na mimi ni mstaafu.

Mngependa hadithi iishe hapo, nikiwa shujaa. Na mimi ningependa. Lakini nafasi ilikuwa bado haitoshi, na Fundi akasema, "Sasa tuangalie ni nani amejaza C." Akaorodhesha folda zote.

"Bi Mwanasha, hii KODI ni ya nini?"

"Kodi gani? Mimi sina kodi yoyote."

"Iko na megabaiti thelathini."

"Ina, Odhiambo." Kisha akaigeukia skrini. "Thelathini?"

Fundi akaifungua. Gari jekundu likatokea skrinini likinguruma. Sitawaambia nilichoambiwa. Niseme tu kwamba kapu la asubuhi lilipata kazi yake, na lilikuwa bado na nazi.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi mpaka aibu. KODI ikafutwa: thelathini. Kisha Fundi akanionyesha kwamba Windows ya zamani huficha faili moja kubwa ambalo huligeuza kumbukumbu ya akiba, wala halionekani ukitazama hivi hivi. Andika dir, acha nafasi, kisha /ah, litatoa kichwa. Lilikuwa megabaiti ishirini. Tukalihamishia D. Thelathini, ishirini, na kumi na mbili za mwanzo: sitini na mbili. Mfumo mpya ukaingia, flopi ya kwanza mpaka ya kumi na tatu, na ukabaki na pumzi kidogo, na hapana kiambaza kilichoguswa. Nafasi ilikuwemo tangu mwanzo. Iliyokosekana ni mtu wa kufungua mlango wa KODI mbele za watu.

Basi mkitaka kubadilisha mfumo, hesabuni kwanza kilichopo, tafuteni kilichojificha, ondoeni takataka zenu wenyewe kabla ya kuhukumu nyumba kuwa ndogo. Msijaze mpaka shingoni; mfumo hufungua vitu vyake njiani, na ukikosa pa kuvifungulia hufia katikati, huku si wa zamani wala mpya. Na akija mtu na tai akawaambia pahali ni patupu, mwulizeni amechimba wapi.

Jumapili tulichapa. Herufi nzuri, nyeusi, kama za kitabu. Wazee wakaja baada ya adhuhuri, kila mmoja akapewa ukurasa wa boma lake auhakiki kabla haujafungwa na mingine. Tulipomaliza nikazima mashine, nikaifunika kitambaa chake, na nikawa natafuta njia ya kutokea nyuma, maana nilimwona Mama anavuka uwanja.

Bofu habari hazilali njiani. Alikuwa ameshaambiwa yote: kiambaza, waya, injinia, KODI. Aliingia na utepe wake wa kupimia nguo bado shingoni, akatoa salamu, akaamkia wazee mmoja mmoja, akaitikiwa. Mimi akanipita kama kiti.

"Mwanasha, nipe wa kwetu," akasema.

Bi Mwanasha akampa ukurasa wa boma la Hija, babake Mama, babu yangu. Akausoma amesimama, kidole kikitembea chini ya kila neno. Minazi saba, mmoja umepinda kuelekea baharini. Kisima, kilichimbwa na Hija na nduguye. Kaburi la Hija. Kaburi la babake Hija. Kidole kikafika chini, kikarudi juu, kikatembea tena mpaka chini.

Nikaona nijitetee mapema. "Mama, yule injinia angefuta kila kitu, wallahi, mimi ndiye niliye..."

Akainua kile kidole kunizuia. Akaulaza ukurasa juu ya meza, akauvuta ule utepe wa kupimia shingoni, akaukunja taratibu mkononi, na nikajiandaa.

"Na kaburi la mamangu mbona hamkulitia?" akasema. "Hebu kiwashe tena hicho kidude chako, uandike."